Kilomita za Kwanza za Gari la Kevo

Mnakuja hapa kwangu, mnaegesha nje ya lango, mnauliza swali, halafu kabla sijamaliza kujibu mmeshatoa simu kunionyesha video ya kijana fulani mwenye kofia anayesema kinyume. Kama jibu mnalo mfukoni, mbona mnanisumbua? Niacheni nipalilie sukuma wiki zangu. Lakini kwa kuwa mwaka huu nimeulizwa swali hilo na watu wengi kuliko vidole vyangu, na vidole vyangu si kumi tena, nimeamua kuandika mara moja tu. Atakayerudi kuniuliza nitampa karatasi hii na jembe.

Swali lenyewe ni hili: gari jipya lenye nguvu, injini yake huzoeshwaje?

Mimi nilifanya kazi ya injini Kitale kwa miaka thelathini na nne. Sisemi kubadilisha oili na kusafisha plagi. Lori likija limekufa, sisi ndio tuliotoa bloku, ule mwili wa injini, tukatanua silinda kwa mashine, tukaweka pistoni kubwa zaidi na kuifunga injini upya. Mwanamke nilikuwa peke yangu, na wateja waliniuliza fundi yuko wapi huku nimeshika pistoni yao mkononi. Waliponizoea wakaniita Mama Silinda. Sasa nimestaafu, niko Bungoma upande wa Kibabii, na wanafunzi wa chuo wanapita langoni pangu na nduthi, pikipiki zao hizi, ambazo ukisikia sauti tu unajua oili ilibadilishwa mara ya mwisho kabla mwenyewe hajafanya mtihani wa darasa la nane. Sisemi kitu. Nimestaafu.

Haya, sikilizeni, na wekeni simu chini.

Ukuta wa silinda mpya si laini. Kwa makusudi kabisa huchorwa mistari myembamba inayokatana, kama ukili uliosukwa. Ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoizunguka, nazo ni mpya, zina ncha. Ringi na ukuta hazijajuana. Lazima zisuguane mpaka kila moja ipate umbo la mwenzake. Zikishakaa, moto haupiti kwenda chini na oili haipandi kwenda juu. Zisipokaa, umejinunulia gari la kula oili maisha yake yote. Na kinachozisukuma ringi zishike ukuta ni nguvu ya moto juu ya pistoni, yaani kazi. Injini isiyofanya kazi haizisukumi. Inazunguka tu, oili inaungulia ukutani kidogo kidogo, ile mistari inajaa utando unaong'aa, na hapo mambo yameharibika. Ukifungua, mwenye gari anachungulia ndani anasema, "Lakini si ni safi?" Safi! Nimeambiwa hivyo mara ngapi, Mungu wangu.

Nami sikuzaliwa nikijua. Aliyenifunza ni Mzee Ndiema, mtu wa Kapsokwony, mfupi, mwenye sikio moja tu lililobaki likifanya kazi. Alikuwa akisikiliza injini kwa bisibisi: ncha anaiweka kwenye bloku, mpini anaugusisha kwenye mfupa nyuma ya sikio. Injini ya kwanza niliyofunga peke yangu ilikuwa ya lori la kubeba mahindi. Siku hiyo mzee alikwenda Eldoret kutafuta spea. Mimi nikaiwasha ile injini, nikaleta kigoda, nikakaa kando yake kutwa nzima kama ninayemuuguza mtu. Iliunguruma polepole, vizuri, nikajisifu moyoni kwamba siipi taabu.

Mzee aliporudi alasiri akaweka bisibisi yake. Akasikiliza. Akazima.

"Umewasha saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, mzee."

"Na ikabeba nini?"

"Haijabeba kitu. Niliionea huruma."

"Huruma," akasema, akatema mate. "Hii si mgonjwa. Hii ni kijana. Kijana unampa kazi, unampumzisha, unampa kazi tena. Sasa fungua yote."

Nikafungua yote. Peke yangu, siku mbili, hakuna aliyenishikia hata spana. Silinda zote sita ziling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Tukazichora upya, nikafunga tena, safari hii tukalipakia lori mawe nusu na kulipeleka kwenye mlima. Tangu siku ile sipendi kusikia mtu akisema "haraka haraka haina baraka" karibu na injini mpya. Methali hiyo ni ya watu. Pistoni haijui methali.

Wapo pia wa upande wa pili, msije mkadhani nawatetea. Mteja mmoja alitoka langoni petu na injini ambayo hata rangi ya bloku haijakauka, akakimbizana na basi mpaka Kiminini. Alirudi akivutwa na trekta la miwa, na aliyekuwa amekasirika ni yeye.

Sasa tufike kwa Kevo, maana najua wengi wenu mmesikia habari yake kwa mdomo wa watu ambao hawakuwepo.

Kevo ni mtoto wa kaka yangu Wanjala, kwa hiyo mimi ni senge wake, yaani shangazi, na kwetu senge hasemi mara mbili. Anafanya kazi kwenye kinu cha kusaga nafaka mjini Bungoma, lakini tangu utotoni ndoto yake ni moja, mbio za magari. Mwaka huu klabu moja ya Kitale ikatangaza kwamba inatafuta dereva kijana wa kumlea. Atakayechaguliwa atapewa fundi, matairi, na nafasi ya kushindana msimu mzima. Sharti ni kwamba uje na gari lako, injini yake iwe imeshazoeshwa, na umri usiwe umepita miaka ishirini na sita. Kevo ana ishirini na sita kamili. Mwakani asingeruhusiwa hata kukaribia lango. Alikuwa na wiki sita na nafasi moja tu.

Gari alilipata. Msiniulize alilipataje, hilo si jambo la fundi. Lilikuja kutoka shorumu, la milango minne, dogo, jekundu, lenye tabo, ile feni inayoipulizia injini hewa ipate nguvu, gia za mkono, na saa yake ilisoma kilomita kumi na nane. Akaliegesha mbele yangu, akashuka, akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

"Senge, mimi niko kazini mchana. Wewe utaendesha mchana, mimi jioni. Tufikishe elfu moja mia tano kabla ya Kitale."

"Umesoma kitabu chake?"

"Kitabu gani?"

Kilikuwa ndani ya kisanduku cha dashibodi, kwenye nailoni yake, hakijaguswa. Kila gari jipya huja na kitabu na kila mwenye gari hukiacha kwenye nailoni kama cheti cha ndoa. Nikakisoma mimi, na miwani yangu. Kinasema kilomita elfu moja na mia tano za kwanza usikanyage mafuta mpaka sakafuni, usipandishe mizunguko ya injini kupita nusu ya kipimo chake, usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, usivute trela. Hayo yote nayakubali. Kinasema pia kwamba oili ya kwanza inaweza kukaa mpaka huduma ya kawaida. Hapo mimi na kitabu tumetofautiana. Toa oili ya gari jipya baada ya kilomita elfu moja, imimine kwenye beseni, iangalie juani. Utaona vumbi la chuma linametameta. Kama unataka vumbi hilo liendelee kuzunguka ndani ya injini yako, ni shauri lako na kitabu chako.

Basi tukaanza. Namna yenyewe ni hii, na siirudii. Washa, subiri dakika moja, ondoka taratibu mpaka oili ipate joto, si maji tu. Kisha tafuta barabara yenye mlima mdogo. Gia ya tatu, kanyaga mafuta kiasi cha nusu, iache ivute kutoka chini mpaka kati. Achilia mafuta kabisa, mguu mbali, iache injini yenyewe ishike gari mpaka mwendo upungue. Unapokanyaga, ringi zinashika ukuta. Unapoachilia, oili inavutwa juu inaosha na kupoza. Rudia. Rudia tena. Matairi mapya nayo yanateleza siku za mwanzo, na breki mpya hazijashika sawasawa, kwa hiyo usimkaribie mtu. Ukifika, tabo imechemka, iache injini ikae dakika moja ndipo uzime. Dakika moja, si saa moja.

Sasa fikirieni gari la mbio jekundu, linaloongeza mwendo, linapunguza, linaongeza, linapunguza, kutoka Kanduyi mpaka Webuye, na mwanamke wa miaka sitini na sita kwenye usukani. Nilibandika kadibodi nyuma: INJINI MPYA, NIPITE. Wakanipita wote. Nilipitwa na tuktuk iliyobeba magodoro. Mwenye nduthi mmoja akaja sambamba na dirisha langu, amebeba mbuzi mbele, akaniuliza, "Mathe, kwani hiyo gari inaogopa?" Mbuzi naye alinitazama. Nilivumilia, kwa sababu ile ni kazi na kazi haina aibu.

Jioni Kevo alichukua zamu yake, nami nilikaa kando nikimwelekeza. Tulifika kilomita mia nne hivyo. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa.

Halafu ikaja Jumapili.

Mnajua desturi yetu. Gari jipya si la mtu mmoja. Lazima lionyeshwe nyumbani, liombewe, na upande wa mama nao waje walione, la sivyo litaleta maneno. Sina ugomvi na desturi. Ugomvi wangu ni na watu. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekwenda kumjulia hali rafiki yangu aliyelazwa. Kaka yangu Wanjala akamwita mchungaji, akamwita na mjomba wake Kevo wa Bokoli, ambaye sisi sote tunamwita Khocha, na nusu ya kanisa ikawafuata ikisikia harufu ya kuku.

Narudi saa tisa, naingia uani, nini hiki? Hema. Viti vya plastiki. Gari katikati, milango yote minne wazi, kukhu yao, bibi yake Kevo wa upande wa mama, ameketi kiti cha mbele anapigwa na upepo wa baridi, redio inaimba nyimbo za injili, na injini inaunguruma. Kevo amesimama ameweka mkono juu ya boneti, amevaa shati jeupe, anatabasamu kama bwana harusi.

"Hii injini imewashwa saa ngapi?" nikauliza.

"Tukitoka kanisa tu," kaka akasema kwa furaha. "Saa sita hivi."

"Saa tatu! Imeunguruma hapo saa tatu?"

"Lakini dada, si imesimama tu? Haijaenda mahali. Angalia hata kilomita, haijaongeza moja."

Nilitaka kukaa chini. Miaka thelathini na nne, na kaka yangu wa tumbo moja ananiambia injini inayowaka haifanyi kitu kwa sababu magurudumu hayazunguki. Nikamgeukia mchungaji, mtu mwema sana, mkononi ana paja la kuku.

"Mchungaji, hamngeomba ikiwa imezimwa?"

"Mama, gari ikizimwa ni kama mtu amelala. Itaitikia amina aje?"

Watu wakacheka. Khocha akaongeza kutoka kwenye kiti chake, "Na pia, ati tungejuaje kama ni mzima? Gali mpya lazima usikie sauti yake bana."

Sikucheka. Nikaingiza mkono nikazima. Nikamwambia Kevo mbele ya kanisa zima kwamba anajua, nilimfundisha, na bado amesimama hapo akitabasamu huku ringi zake zinaharibika. Akasema polepole, "Senge, ningewaambia nini? Ni wazee." Hata hilo sikulisikia. Nikachukua ufunguo, nikautia ndani ya sidiria, na nikasema maneno ambayo nayakumbuka yote: "Kuanzia leo hii gari hakuna mtu ataigusa isipokuwa mimi. Na wewe Kevo pia. Wewe ndio wa kwanza."

Nilikuwa na haki ya kukasirika. Hilo bado naliamini.

Injini ikipoteza saa tatu namna ile siku za mwanzo, huo si mwisho wake. Lakini usizembee. Lazima uipe kazi upesi, kabla ule utando haujaungua ukawa mgumu. Nilihitaji mlima na nilihitaji mzigo. Mlima tunao, uko hapo juu, na barabara ya kwenda Kapsokwony haijawahi kuionea injini huruma. Mzigo nao nikauangalia, ulikuwa umekaa kwenye viti vya plastiki ukimalizia soda.

"Mnapenda kubariki gari?" nikasema. "Ingieni."

Mchungaji mbele, Wanjala na Khocha nyuma, pamoja na gunia la viazi katikati yao kwa sababu uzito haukunitosha. Tukapita Kimilili wakiwa bado wanaimba. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda. Nikaweka gia ya tatu, nikakanyaga, tabo ikaamka, na wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

"Mama Silinda," mchungaji akasema, ameshika kishikio cha juu ya dirisha, "kwani tunachelewa mahali?"

"Hatuchelewi. Tunaitikia amina."

Nilipoachilia mafuta ghafla gari likajivuta, gunia likamwangukia Khocha. Nikakanyaga tena. Nikaachilia. Kwenye kona ya tatu Khocha akapiga kelele, "Wanjala, ambia dada yako apunguze! Nimekuja kula kuku, sikuja kufa!" Kaka yangu alikuwa amefumba macho. Tulifika juu, nikasubiri ile dakika yangu moja, nikazima, nikawapa maji. Kuteremka nikashuka kwa gia bila kugusa breki sana, injini inavuma kwa sauti ya juu, na mchungaji akaomba mara ya pili siku hiyo, safari hii kwa sauti ya mtu anayehitaji kujibiwa. Tulipanda na kushuka mara tatu. Ya tatu waliomba wabaki Kapsokwony watafute usafiri wao.

Nilifanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, bila wazee, kwa magunia tu. Oili nikabadilisha nilivyosema. Moshi haukuwepo. Kijiti cha oili kilisoma pale pale asubuhi na jioni. Nikaenda kupima kompresheni, nguvu ya silinda kubana hewa, kwa kijana mmoja niliyemfundisha zamani, na silinda zote nne zikasoma sawa sawa. Niliimba njia nzima kurudi nyumbani.

Na Kevo? Kevo alikuja kila jioni kutoka kinuni, unga bado kwenye nywele. Alisimama mlangoni.

"Senge, niache nifike hata Kanduyi tu nirudi."

"Hapana."

"Hata hapo kwa chuo."

"Nimesema hapana. Umeiharibu mara moja."

Siku nyingine aliniomba akae tu ndani, gari likiwa limezimwa, azoee gia. Nilimwambia avue viatu kwanza. Alikaa humo dakika chache, nikamwona kupitia dirisha la jikoni akisukuma kile kijiti cha gia mbele na nyuma, mbele na nyuma, akinong'ona namba. Nikarudi kwenye ugali wangu. Wiki ya mwisho hakuomba tena, nami nikaona afadhali, ameelewa.

Siku ya Kitale nililiendesha mwenyewe mpaka pale, kilomita elfu moja mia tano na sitini kwenye saa, nikamkabidhi ufunguo mbele ya meza ya wakaguzi. Walikuwa vijana kumi na mmoja na magari yao, mengi ya zamani, moja lilikuwa na mlango wa rangi nyingine. Mkaguzi mkuu alikuwa mzee wa rika langu. Akafungua boneti, akapima, akasikiliza, akanusa oili. Akauliza, "Nani amezoesha hii injini?" Kevo akaninyooshea kidole. Yule mzee akanipa mkono, akaniambia hajaona injini mpya iliyokaa vizuri hivyo kwa miaka. Niliona fahari mpaka kwenye nyayo.

Halafu wakaanza kuendesha. Njia yenyewe ilikuwa ya udongo wa murramu, imezunguka shamba la mtu, kona kama ishirini. Yule wa mlango wa rangi nyingine alipita na lile gari lake kuukuu kana kwamba ni viatu alivyolala navyo. Zamu ya Kevo ikafika. Injini ikazima pale pale kwenye mstari. Akawasha, akaondoka. Mguu wake ulikuwa umeshasahau klachi inashika wapi. Kona ya kwanza akasubiri nguvu, haikuja, akaongeza mguu, na tabo inapochelewa nguvu yake huja yote kwa pamoja. Gari likamtupa pembeni kwenye mahindi. Akarudi njiani, na kuanzia hapo aliliendesha kama anayebeba mayai kwa kijiko. Nilisikia kila gia. Alikuwa anaogopa kulikosea lile gari. Na nani alimfundisha kuliogopa?

Jina lake halikusomwa. Walisoma la yule wa mlango wa rangi nyingine, na mkaguzi akamwambia Kevo kwa upole, "Gari ni nzuri sana, kijana. Wewe bado." Bado, na hakuna mwakani.

Nimewakasirikia watu wengi katika karatasi hii. Kaka yangu, mchungaji, Khocha, nyinyi na video zenu. Basi na mimi niandikeni. Zile kilomita elfu moja na mia moja nilizoendesha peke yangu zilikuwa za watu wawili, gari na mwenye gari. Kila mlima nilioupanda, mguu wake ndio ulipaswa kujifunza tabo inaamka wapi. Mimi nikakaa kwenye kiti chake nikaimba. Injini nimeikabidhi ikiwa tayari kwa mtu ambaye nilimnyima nafasi ya kuwa tayari. Najuta, na kujuta kwangu hakumrudishii umri wake.

Kwa hiyo jibu la swali lenu ni hili, na mtu asiniletee simu: gari lako lizoeshe wewe mwenyewe. Mwite fundi akae kando. Likizima, liwashe.

Tulikaa kwenye maegesho pale Kitale mpaka watu wakaisha. Mwishowe Kevo ndiye aliyesema, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira.

"Senge, hii gari inakujua wewe. Mimi ilikuwa inaniuliza mimi ni nani."

Nilikuwa nimeshika mlango wa dereva, kwa mazoea. Nikauachia. Nikazunguka upande wa pili, nikaketi, nikafunga mkanda.

Akawasha. Tukatoka Kitale. Gia ya pili ilikwaruza, ya tatu akaiweka mapema mno na injini ikatetemeka, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikaufunga. Kwenye tuta la Kiminini gari likazima katikati ya barabara, nyuma yetu nduthi na malori yakaanza kupiga honi. Kevo akanigeukia, anasubiri nimfokee.

Niliiweka mikono yangu chini ya mapaja, nikaikalia, nikatazama mbele mpaka aliposikia mwenyewe mahali klachi inaposhika.